Tivi ya Gemu: Mara ya Kwanza Tulipochagua Wenyewe

Tunawaandikia kutoka Nakivale, hapa Uganda. Leo hatuandiki juu ya safari wala juu ya vita. Tunaandika juu ya tivi. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Tuko na chumba chetu cha gemu karibu na soko la Base Camp. Kuta ni za udongo, juu ni bati, ndani kuna benchi nne, PlayStation 3 moja na maneti mbili. Chumba ni cha mama mmoja wa kutoka Fizi, tunamlipa kila mwezi. Mechi moja ni shilingi 300. Gemu inayopendwa ni FIFA 19, kwa sababu njo FIFA ya mwisho iliyotolewa kwa PS3, baada ya hapo hawakutengeneza tena kwa mashine hiyo. Wanaokuja ni Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na Wasomali wachache. Kila mtu nyumbani ana lugha yake, lakini ndani ya chumba ni Kiswahili, kila mmoja na kile chake.

Zamani tulikuwa na tivi ya inchi 21, ile ya kisogo kirefu, nzito kama gunia la mahindi. Picha yake ilikuwa na ukungu kidogo, rangi ya kijani imekolea upande mmoja, lakini tuliizoea. Msimu wa mvua ikazimika, fundi akaifungua, akatikisa kichwa. Siku tatu chumba kikakaa kimya. Vijana walikuwa wanapita, wanachungulia mlangoni, wanaenda.

Basi tukafanya haraka. Mtu mmoja alikuwa anauza tivi bapa ya mtumba, inchi 40, inang'aa kweli. Akaweka flashi, akatuonyesha filamu. Jamani, ile picha! Tukaona kila jani la mti. Hatukuuliza kitu kingine. Tukatoa pesa ya sanduku, tukabeba tivi kichwani kama watu wanaobeba jeneza, kwa uangalifu hivyo.

Shida ilianza usiku ule ule. Mchezaji unamwambia piga, anapiga baada ya mpinzani kufika. Unatoa pasi, mpira unatoka mguuni umechelewa. Penalti zikawa bahati nasibu. Mwanzoni tulicheka, tukasema ni macho, tivi ni kubwa, tutazoea. Wiki ya pili watu wakaanza kulaumu maneti. "Hii maneti imeharibika, nyie mnampa mgeni mbovu." Wakabadilishana, shida ikabaki. Halafu wakaanza kulaumiana wenyewe.

Jumamosi moja vijana wawili walikuwa wanacheza fainali ya mtaa. Hatutasema majina yao wala makabila yao, wanajijua, na wametupa ruhusa kuandika hadithi hii. Dakika ya 88 kipa hakutoka. Aliyefungwa akasimama, akasema mwenzake amechezea waya. Mwenzake akajibu. Kisha mmoja akatamka neno. Ni neno lile ambalo wakubwa wetu walilikimbia, neno la kuita watu wa kabila fulani kama si watu. Chumba chote kilinyamaza. Hakuna aliyepiga ngumi, Mungu alisaidia, lakini siku ya pili yake nusu ya vijana hawakuja. Benchi za upande mmoja zilikuwa tupu. Tulijua maana yake, na ninyi mnaosoma mnajua.

Sisi kamati tulikaa. Wengine walitaka chumba kifungwe. Yaya mmoja kati yetu, anatengeneza simu sokoni, hakusema kitu. Aliwasha PlayStation, akaingia kwenye menyu, akabonyeza mshale, akaangalia. Akabonyeza tena. Akafanya hivyo dakika nzima. Mwisho akasema, "Si maneti. Si mtu. Hii tivi inachelewa."

Tulimwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Tivi inachelewaje? Picha si inaonekana?

Akaenda kuazima tivi ndogo ya kisogo kwa jirani. Akachomeka PS3 ile ile kwa waya wa rangi tatu, maneti zile zile. Akawaita wale vijana wawili, kila mmoja kwao. Walikuja, hawakusalimiana. Akawaambia, chezeni dakika tano tu. Pasi ya kwanza ilitoka pale pale kidole kilipobonyeza. Wote wawili wakaangaliana. Hakuna aliyeomba msamaha siku ile, lakini walicheza mechi nzima.

Tuwaeleze vile yaya alivyotueleza. Tivi ya kisogo inapokea picha na kuipaka kwenye kioo moja kwa moja. Tivi bapa ni tofauti. Inapopokea picha inaishika kwanza: inaikuza ilingane na kioo, inaisafisha, inaongeza rangi. Nyingine hata inatunga picha za katikati ili mwendo uonekane laini. Kazi hiyo yote inakula muda. FIFA ikitembea kwa picha 60 kila sekunde, picha moja inakaa karibu milisekunde 17. Tivi ikichelewa milisekunde 100, wewe unaona kitu kilichotokea picha sita zilizopita. Kwa filamu haidhuru, maana sauti na picha vyote vinachelewa pamoja, na hakuna anayebonyeza kitu. Njo maana yule muuzaji alituonyesha filamu, tukaridhika. Labda na yeye hakujua.

Tukaamua kuuza ile tivi. Kuna papa mmoja ana kibanda cha kuonyesha filamu na mpira wa ligi. Tulimwambia ukweli wote: kwa gemu haifai, kwa filamu ni nzuri, na inakula umeme. Akatoa shilingi 250,000. Sanduku letu lilikuwa na 430,000. Jumla 680,000. Kwa watu wa mji hiyo si pesa ya kushangaza. Kwetu ilikuwa miezi mingi ya kuweka 500 kwa wiki kila mwanachama, na mechi za 300 moja moja.

Hapo njo tulipogundua jambo ambalo hatukulitarajia. Tulikuwa hatujui kuchagua.

Fikirini. Tangu tumefika hapa, vitu vingi tumevipata kwa kupanga mstari. Unapewa shitingi, hauulizi rangi. Unapewa blanketi, jerikani, sufuria, kiwanja. Unga ukija ni unga, maharagwe yakija ni maharagwe. Hatulalamiki, tumeishi kwa vitu hivyo, na waliotupa tunawashukuru. Lakini kijana aliyekuja na miaka sita, leo ana kumi na tisa, ni mara ngapi amesimama mbele ya vitu viwili akasema: hiki ndiyo, kile hapana, na sababu ni hii? Njo maana tulipoona kitu kinang'aa tulikibeba tu. Tulinunua tivi kama watu wanaopokea msaada.

Wakati ule dada mmoja wa shirika alitutembelea, akasikia tuna pesa, akatuuliza kwa upole, "Kwa nini msinunue kitu cha maana? Cherehani, kwa mfano?" Hatukukasirika, ni swali zuri. Tulimjibu kwamba cherehani ziko kwenye mradi wa jirani, na sisi tunazipenda. Lakini mahali pamoja ambapo mtoto wa huyu na mtoto wa yule wanakaa bega kwa bega kila jioni bila kuitwa kwenye semina, ni pale mbele ya tivi. Na tivi mbovu nusura iwatenganishe. Alikaa kidogo, akasema, "Basi chagueni vizuri." Neno hilo tulilibandika ukutani.

Tukafanya mkutano. Kulikuwa na pande mbili. Upande mmoja walitaka kioo kikubwa, inchi 43, iliyoandikwa 4K, maana kubwa inavuta watu na pesa inaingia. Upande wa pili walitaka inchi 32 ambayo haichelewi. Wapo waliosema 32 ni aibu, watu watasema tumerudi nyuma. Mtunza hazina wetu, ni msichana, akasema, "Tusipigie kura kitu ambacho hatujui. Tujifunze wiki mbili, halafu tupige kura." Kila mtu alipewa swali moja la kutafuta jibu, kwa simu, kwa fundi, kwa mwalimu, popote. Tunawapa hapa tulichokipata, labda na ninyi mtanunua siku moja.

La kwanza, nukta za picha. Picha ya HD ya kawaida iko na nukta 1280 kwa upana na 720 kwa urefu. Kioo cha tivi nyingi za inchi 32 ni 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080. Ile 4K ni 3840 kwa 2160, maana yake mara nne ya Full HD. Sawa. Lakini mashine yako inatoa nini? FIFA kwenye PS3 inachorwa kwa 720. Ukiipeleka kwenye 4K, tivi inachukua picha ndogo na kuivuta ijaze kioo. Hauongezi kitu ambacho hakikuwepo. Ni kama kuongeza maji kwenye chai ili ijaze vikombe vingi. Kwa PS3, HD ya inchi 32 inatosha kabisa. Ungekuwa na PS4, basi Full HD ingekuwa na maana, kwa sababu PS4 ya kawaida inafika 1080.

La pili, waya. Hapa tuliona aibu, maana tulikuwa tumekosea miezi yote. Ule waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, haubebi HD. Unaweza kununua tivi nzuri kuliko zote, ukichomeka waya wa njano utaona ukungu ule ule. Lazima HDMI, nayo inabeba picha na sauti pamoja. Na ukihama kutoka waya mmoja kwenda mwingine, PS3 inaweza kukuonyesha kioo cheusi. Usiogope. Ikiwa imezimwa, shika kitufe cha kuwashia kama sekunde tano mpaka usikie mlio mwingine, itatafuta waya mpya yenyewe.

La tatu, kuchelewa. Kwenye boksi la tivi utaona mara nyingine wameandika milisekunde fulani. Tulifurahi, tukadhani ndiyo hiyo. Kumbe mara nyingi namba ile ni muda wa nukta kubadilisha rangi. Ikiwa mbaya, mpira unaacha mkia nyuma yake. Ni muhimu, lakini si kuchelewa kwa kidole. Kuchelewa kwa kidole mara nyingi hawaandiki. Kinachosaidia ni kutafuta kwenye menyu ya tivi mpangilio wa picha unaoitwa Game. Ukiuwasha, tivi inaacha mapambo mengi na kutoa picha haraka. Ile mipango ya kulainisha mwendo, zima. Hata namba kubwa za hezi zilizoandikwa kwenye karatasi ya mbele zisikutishe, maana PS3 haitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde.

La nne, umeme. Tuko na paneli ya wati 200 na betri moja ya volti 12, saa-ampea 100. Hiyo ni kama wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ukiimaliza yote inakufa mapema, kwa hiyo tunatumia nusu, 600. PS3 yetu inakula kama wati 75. Ile tivi ya inchi 40 nyuma iliandikwa 150. Jumla 225. Gawanya, na inveta nayo inakula kidogo, unapata saa mbili na kitu. Njo maana chumba kilikuwa kinazimika saa mbili usiku, sisi tunalaumu mawingu. Inchi 32 ya LED tuliyokuwa tunaitazama imeandikwa 45. Pamoja na PS3 ni 120, inafika saa nne na zaidi. Ile 43 imeandikwa 110, haifiki saa tatu.

Hesabu hiyo mtunza hazina aliiandika ubaoni kwa chaki, akaweka chaki chini, akakaa. Hakuongeza neno.

La tano, upande. Sisi hatuchezi mtu mmoja sebuleni. Tuko thelathini kwenye benchi nne. Kuna vioo ambavyo ukikaa pembeni rangi inapauka, mtu wa mwisho haoni jezi. Kwa hiyo lazima mtu asimame pembeni ya duka, si mbele tu.

Siku ya kura, watu 17 walichagua 32, watu 9 walichagua 43. Lakini tulikubaliana kwamba wanaokwenda dukani watajaribu zote mbili, na jaribio likionyesha tumekosea, watabadilisha. Tukachagua watu wanne: mtunza hazina, yaya fundi wa simu, na wale vijana wawili wa fainali. Ndiyo, wale wawili. Wengine walipinga. Tukasema, hakuna watu wanaojua uchungu wa tivi inayochelewa kuliko hao.

Walipanda taksi ya asubuhi kwenda Mbarara. Vijana wale walikaa siti moja, PlayStation imefungwa kwa kitenge, imelala juu ya magoti yao, goti la huyu na goti la yule. Mtunza hazina alituambia hawakuzungumza mpaka katikati ya safari. Halafu mmoja akasema barabara ina mashimo, tushike vizuri. Yakaanzia hapo.

Duka la kwanza walikataa PlayStation isichomekwe. Wakasema, "Kama unataka kununua nunua, tivi zote ni sawa." Zamani tungeinamisha kichwa na kulipa. Mtunza hazina alishukuru, wakatoka. Duka la pili muuzaji alisita, kisha akasema, "Leteni, na mimi nijue."

Wakaanza na ile ya 43. Karatasi ya mbele imeandikwa 4K kwa herufi kubwa za dhahabu. Yaya akageuza boksi, akasoma maandishi madogo ya nyuma: 1366 x 768. Maana yake inaweza kufungua faili la 4K, lakini kioo chenyewe si cha 4K. Nukta zake ni zile zile za inchi 32, zimetandazwa tu. Muuzaji mwenyewe alisoma mara mbili.

Kisha jaribio la kidole. Simu ya yaya inarekodi video ya polepole, picha 120 kwa sekunde. Mmoja alishika maneti karibu na kioo, akabonyeza mshale kwenye menyu, simu inarekodi kidole na kioo pamoja. Baadaye unapeleka video picha kwa picha, unahesabu tangu kidole kiliposhuka mpaka alama iliposogea. Walirudia mara tano kwa kila tivi. Ile ya 43 ilikuwa karibu picha 22, na kwenye menyu yake mpangilio wa Game haukuwepo. Ile ya 32, Game ikiwa imewashwa, ilikuwa karibu picha 10. Namba hizo zina kuchelewa kwa PlayStation yenyewe pia, kwa hiyo usiseme tivi inachelewa picha 10. Wewe linganisha tu. Tofauti ni picha 12, na picha 12 kwa simu ile ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kipa anafungwa kwa muda huo.

Wale vijana wakaomba kupiga penalti tano tano pale dukani. Watu wakajaa mlangoni. Hatutasema nani alishinda, bado wanabishana mpaka leo.

Mwisho wakaweka flashi yenye picha za rangi tupu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, kutafuta nukta zilizokufa. Hakukuwa na hata moja. Mtunza hazina akasimama kulia, akasimama kushoto, jezi zilionekana. Bei ilikuwa 560,000, wakaongea mpaka 530,000, na risiti yenye mhuri na karatasi ya dhamana.

Hesabu yetu ni hii, tumeibandika ukutani kila mtu aione: tivi 530,000. Waya wa HDMI 15,000. Kinga ya umeme 35,000. Chuma cha kuning'iniza ukutani 25,000. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, pamoja na tivi, 60,000. Jumla 665,000. Imebaki 15,000. Chai na chapati kila mtu alijilipia.

Usiku wa kwanza kulikuwa na kasoro moja. Matokeo na saa ya mechi, vile vinavyoandikwa pembeni juu, vilikuwa vimekatwa nusu. Wachache wakaanza, "Tulisema! Tulisema 43!" Yaya akaingia kwenye ukubwa wa picha, akabadilisha. Kwenye tivi nyingine imeandikwa Just Scan, nyingine 1:1, ina maana usivute picha. Pembe zote zikarudi. Wakanyamaza.

Ni kweli kioo ni kidogo. Wanaokaa benchi ya nne wanalalamika, na wako na haki. Tumesogeza benchi, tumeweka tivi juu kidogo, lakini inchi 32 ni inchi 32. Mapato ya wiki mbili za kwanza yalishuka pia, kwa sababu watu wengine walienda kwenye vioo vikubwa sokoni. Wiki ya tatu wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Mmoja alisema kule "mpira unatembea kwenye matope". Hatudanganyi kwamba tumetajirika.

Lakini ule umeme uliobaki umetupa saa moja na nusu zaidi kila siku. Mtunza hazina aliomba saa moja iwe ya wasichana, saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, kabla giza halijaingia, ili warudi nyumbani salama. Kulikuwa na kelele, tukapiga kura, ikapita. Siku ya kwanza walikuja watatu. Sasa wanakuja kumi na mmoja, na kuna mmoja ambaye wavulana wanamkimbia.

Na wale vijana wawili? Neno lile halijatamkwa tena ndani ya chumba. Aliyelitamka aliomba msamaha, si mbele ya mkutano, alienda kwa mwenzake nyumbani, mbele ya mama yake. Hatusemi tivi imeponya kitu. Vita vyetu havikuanzishwa na tivi, na tivi haiwezi kuvimaliza. Tunasema tu kwamba siku ile tulikuwa karibu kumlaumu mtu kwa kosa la mashine, na kwetu watu wameuawa kwa lawama ndogo kuliko hiyo. Sasa mtu akikosa goli na kuanza kulalamika, utasikia mtoto mdogo kutoka benchi ya nyuma: "Pima kwanza!"

Daftari letu lenye maswali yale matano tumelifunika kwa nailoni. Kundi la Juru wameliazima wiki hii pamoja na simu ya yaya, nao wako na pesa sandukuni na kelele kwenye mkutano. Tumewaambia wasituulize wanunue ipi. Wabebe PlayStation yao, waende wanne, wachomeke, wahesabu. Tivi yetu iko na tundu la pili la HDMI ambalo bado ni tupu. Tumeanza kuweka 500 tena.